UZI: Kampuni ya Peters ilipataje kututawala? Kutoka karatasi ya Msovero mpaka mpaka wa Holili

Kiborloni Juu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Msimu wa kupanda mlima umeanza na ile hadithi imerudi: eti Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mjukuu wake Kaiser, mfalme wa Ujerumani, mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wetu na Kenya umejikunja. Waongoza watalii wanaisimulia kuanzia geti la Marangu hadi Machame, na wageni wanaipenda kweli kweli. Ni uongo. Tena ni uongo unaofunika habari yenyewe, kwamba mlima huu uliingia mikononi mwa Wajerumani kupitia kampuni binafsi yenye wanahisa, yenye ukata, na yenye mkurugenzi asiyejua kungoja.

Nianze na tarehe, maana zenyewe zinamaliza ubishi. Mpaka ulikubaliwa kati ya London na Berlin kwa barua za tarehe 29 Oktoba na 1 Novemba 1886. Kaiser wa wakati huo alikuwa Wilhelm I, mzee wa miaka 89, na hakuwa mjukuu wa Victoria. Mjukuu ni Wilhelm II, aliyeshika kiti Juni 1888, na alizaliwa 27 Januari. Hiyo zawadi ya birthday itatoka wapi?

Sasa kampuni. Machi 28, 1884 huko Berlin kilianzishwa chama cha kutafuta makoloni, na kinara wake ni Carl Peters. Chama hakikuwa na meli, hakikuwa na askari, na serikali ilikuwa haikitambui. Peters akaondoka na Karl Jühlke, Joachim von Pfeil na mfanyabiashara August Otto, wakaingia Zanzibar tarehe 4 Novemba 1884. Pale konseli wa Ujerumani akawapa ujumbe wa Berlin: wasitegemee ulinzi wowote wa serikali. Wakavuka kwenda Saadani, wakapandisha na bonde la Wami. Katika wiki chache walikuwa na mikataba 12 ya Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, eneo la kilomita za mraba kama 140,000 kwa hesabu yao wenyewe. Otto alifia Usagara, Pfeil akabaki huko mgonjwa. Peters akazibeba karatasi hadi Berlin, akafika Februari 1885.

Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake, tarehe 27, Wilhelm I akasaini hati ya ulinzi kwa kampuni ya Peters. Angalieni mpangilio huo: walingoja mpaka wajumbe wa mataifa mengine wamefunga mabegi.

Hoja yangu ni moja na nitaisimamia: mikataba ile haikuandikwa kwa ajili ya machifu. Iliandikwa kwa ajili ya Berlin na London, na huko ndiko ilikotumika. Karibuni tuchambue.

Sakina Kwa Iddi

Mkuu umeanza vizuri, ila usimsafishe Mangungo, yule chifu wa Msovero aliyesaini na Peters. Aliuza nchi kwa pombe na shanga. Mpaka leo mkataba mbovu wowote tunauita wa Chifu Mangungo, na hatujakosea.

Kiborloni Juu

Tuusome basi huo mkataba wenyewe, maana wengi wanautaja bila kuusoma.

Tarehe ni 29 Novemba 1884, Msovero, Usagara. Kinachoanza ni "urafiki wa milele". Halafu Mangungo anatoa eneo lake lote, pamoja na haki zote, kwa chama cha Peters ili litumike kwa ukoloni wa Kijerumani. Upande wa Peters ahadi ni nyepesi ajabu: chama kitaiangalia Msovero kwa namna ya pekee kitakapokuwa kinaigeuza Usagara kuwa koloni. Basi. Hakuna kiasi cha fedha, hakuna mwisho wa muda, hakuna mahali pa kwenda kulalamika.

Kuna vipengele viwili ambavyo watu huvipita. Cha kwanza, mkataba unasema umefanyika bila kugusa haki za ukubwa alizonazo Mwinyi Sagara. Yaani karatasi yenyewe inakiri kwamba Mangungo hakuwa mwenye kauli ya mwisho Usagara. Ndiyo maana Peters akaenda kumtafuta na huyo Mwinyi Sagara.

Cha pili ndicho kiini. Mwishoni imeandikwa kwamba mkalimani, Ramazan, alimweleza Mangungo kila kitu waziwazi, na kwamba alipoulizwa, Mangungo alisema hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar kwa namna yoyote, na hata hajui kama kuna mtu kama huyo. Jamani! Jumbe wa Usagara, nchi inayopitiwa na misafara ya pembe inayotoka na kwenda pwani kila msimu, hajasikia habari za Sultani? Sentensi hiyo haikutoka kinywani mwa mtu wa Msovero. Imewekwa pale ili Sultani mwenyewe, Barghash, akilalamika, Berlin iwe na cha kumjibu.

Siku tatu kabla, 26 Novemba, Nguru, walikuwa wamepata karatasi nyingine ya namna hiyo: mtu aitwaye Salim bin Hamid, wanayemtaja kuwa mwakilishi wa Sultani, "anathibitisha" kwamba Sultani hana mamlaka bara. Mwakilishi wa Sultani anathibitisha kwamba aliyemtuma hana mamlaka pale alipotumwa. Ipime mwenyewe.

Himo Njiapanda

Kuhusu pombe, Peters mwenyewe hakuficha utaratibu wake. Wanafika, wanakaa na chifu kitandani, wanakunywa naye ili achangamke, zawadi zinatolewa, pengine wanachanjiana damu ya udugu. Ndipo karatasi ya Kijerumani inasomwa, bendera inapandishwa, Kaiser anashangiliwa, na zinapigwa risasi kwa pamoja mara tatu hewani. Hizo risasi alizieleza waziwazi kuwa ni za kuwaonyesha wenyeji kitakachowapata wakivunja mkataba.

Kwa chifu, kilichofanyika pale ni udugu na mgeni mwenye bunduki. Hilo lilikuwa jambo la kawaida kwenye njia za misafara, na lilikuwa na faida zake. Alama ya msalaba kwenye karatasi haikuwa na uzito wowote kwake.

Sakina Kwa Iddi

Sawa, nimekuelewa kuhusu udugu. Lakini swali linabaki: karatasi ya namna hiyo inageukaje kuwa utawala? Mimi nikienda na karatasi ya kijiji mahakamani bila muhuri wa mtendaji nafukuzwa.

Kiborloni Juu

Ndiyo kazi ya hati ya tarehe 27 Februari. Muhuri ulipigwa Berlin.

Hati inasema Kaiser anaiweka chini ya ulinzi wake ile nchi iliyopatikana, na anaipa kampuni idhini ya kutumia haki zote zilizomo kwenye mikataba, pamoja na kuhukumu kesi: za wenyeji, za Wajerumani, na za watu wa mataifa mengine watakaokaa au kufanya biashara humo. Masharti makubwa ni kwamba kampuni ibaki ya Kijerumani, wakurugenzi wawe raia wa Ujerumani, na serikali iwe na usimamizi wa juu. Serikali haikutoa senti, haikutoa askari. Bismarck, kansela wa Ujerumani, hakutaka koloni linalokula bajeti. Alitaka wafanyabiashara watawale kwa gharama zao, yeye atoe bendera tu.

Kwa nini akubali wakati miezi mitatu nyuma alikataa? Peters alikuwa anatishia kuzipeleka karatasi kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Pili, Uingereza ilikuwa imebanwa: Khartoum ilianguka 26 Januari 1885, mambo ya Misri yalihitaji kura ya Ujerumani, na muda si mrefu likaja suala la Urusi na Afghanistan. Ilikuwa saa nzuri ya kuchukua kitu bila kugombana na London.

Na hapa ndipo mnapoona utamu wa biashara. Kabla ya hati, Peters alikuwa na karatasi. Baada ya hati, alikuwa na kitu cha kuuza hisa. Mwenye benki wa Elberfeld, Karl von der Heydt, akaingiza pesa zake. Mwaka 1887 kampuni ikaundwa upya, na Kaiser mwenyewe akaingiza marki 500,000 kupitia benki ya serikali ya Prussia. Dalali ameuza kiwanja ambacho hajakikanyaga vizuri, kwa muhuri alioupata kwa sababu alisema ameshakinunua.

Mzee wa Kaloleni

Vijana mnaruka kipande cha manowari, na bila manowari hakuna hadithi.

Sayyid Barghash alituma simu kwa Kaiser Aprili 1885 kupinga, akasema nchi hizo ni zake tangu enzi za baba yake. Akapeleka askari Usagara. Akampeleka pia Jenerali Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi lake, aje huku kwetu Kilimanjaro. Tarehe 7 Agosti 1885 manowari tano za Kijerumani chini ya Kamanda Paschen zikatia nanga mbele ya kasri, mizinga ikitazama mjini. Barghash alimtegemea konseli wa Uingereza, John Kirk, lakini Kirk alikuwa na maagizo ya London asiwapinge Wajerumani. Wiki moja haikupita vizuri, Sultani akakubali ulinzi wa Kijerumani juu ya Usagara na zile nchi nyingine. Desemba 20 mwaka huohuo akasaini na mkataba wa biashara.

Halafu ikaundwa tume ya kupima Sultani anamiliki nini bara. Makamishna walikuwa watatu: Mwingereza, Mjerumani, Mfaransa. Mwingereza huyo alikuwa Kitchener, yule yule aliyekuja kupata sifa Sudan. Sultani, ambaye ndiye mali yake ilikuwa inapimwa, hakuwa na kamishna. Matokeo: akaachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, visiwa, na baadhi ya bandari za kaskazini. Huko nyuma kote ikawa kana kwamba hakuwahi kuwepo.

Old Moshi Tsudunyi

Ahsante mzee, umegusa kwetu. Watu wanadhani Kilimanjaro ilikuwa ndani ya zile karatasi 12 za mwanzo. Haikuwemo. Iliongezwa baadaye, na kwa mbio.

Mwaka 1884, kabla hata ya Peters kutua, Mwingereza Harry Johnston alikaa huku mlimani na kupata mikataba yake, wa Taveta ukiwemo. Baadaye haki hizo zikaenda kwa wafanyabiashara wa Manchester. Mei 1885 akaja Mathews na bendera nyekundu ya Sultani, akawasainisha wakuu wa Uchagga na Taita kwamba wako chini ya Barghash. Wiki chache baadaye, tarehe 19 Juni 1885, Jühlke akamsainisha Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wazungu walimwita Mandara, akaweka bendera ya Kijerumani. Bendera mbili, mangi mmoja, ndani ya mwezi.

Msiharakishe kumwita Rindi msaliti. Tazameni ramani ya mlima: magharibi kwake kuna Sina wa Kibosho, ambaye kijeshi alikuwa anamshinda nguvu. Mashariki kuna Marangu. Kwa Rindi kila mgeni alikuwa njia ya bunduki, ya nguo, na ya kumtisha Sina. Alimpokea Johnston, akampokea Mathews, akampokea Jühlke. Mwaka 1889 akatuma wajumbe wake na Otto Ehlers mpaka Berlin wakaonane na Kaiser. Huyo si mtu aliyerubuniwa na shanga. Alikuwa anafanya siasa zake za mlimani, na hakuwa na namna ya kuona kwamba wenzake wanacheza mchezo mwingine kwenye ramani nyingine.

Mto Lumi

Na ndipo tunafika kwenye mpaka wa Holili, aliouanzisha mleta uzi. Makubaliano ya 1886 yanautaja mstari huo hatua kwa hatua, na ukitaka unaweza kuufuata kwa gari hadi leo.

Unaanzia mdomo wa mto Umba, pale Vanga. Unakwenda moja kwa moja hadi Ziwa Jipe. Unapita upande wa mashariki wa ziwa na kulizunguka kwa kaskazini, unavuka mto Lumi, kisha unapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Uchagga. Unaambaa chini ya mlima upande wa kaskazini. Kutoka hapo unanyooka mpaka Ziwa Victoria, nyuzi 1 kusini mwa Ikweta.

Mnaona kona inatoka wapi? Waingereza walikuwa na karatasi ya Johnston ya Taveta. Wajerumani walikuwa na karatasi ya Jühlke ya Moshi. Kila mmoja akabaki na karatasi yake, mstari ukapita katikati. Ndiyo sababu ukitoka Himo, dakika chache unakuta Holili, na ng'ambo ni Taveta ya Kenya, ingawa watu wa pande hizo mbili walikuwa wanauziana ndizi na chumvi karne nzima kabla. Zawadi hakuna. Kulikuwa na pande mbili zinazolindana zisigongane.

Ngarenaro

Na Arusha je? Maana hapo mmeongelea Moshi tu kama kawaida yenu.

Old Moshi Tsudunyi

😀 Tulia ndugu yangu. Arusha na Meru ziliangukia upande wa Wajerumani kwa mstari huohuo, lakini utawala wa kampuni haukufika kwenu. Oktoba 1896 wamisionari Ovir na Segebrock waliuawa Meru, na Kapteni Johannes wa Moshi akaja kulipiza kwa moto na kunyang'anya ng'ombe. Boma la Arusha, hilo la makumbusho, ni la 1900. Ni miaka 14 baada ya mstari kuchorwa, na karibu miaka 10 baada ya kampuni kuacha kutawala.

Kiborloni Juu

Na hilo ndilo ninalosema tangu juu. Mpaka 1887 kampuni ilikuwa na nchi kubwa kuliko Ujerumani ya kusini kwenye ramani, lakini ardhini ilikuwa na vituo vichache vyenye watu wachache wagonjwa wa homa. Haikusanyi kodi. Haitoi hukumu inayotekelezwa. Mashamba yake, kama la tumbaku la Lewa, yanahangaika kupata vibarua. Kila kinachoingia na kutoka kinapita bandari za Sultani, na ushuru unakwenda Zanzibar. Kampuni ikagundua kwamba nchi bila forodha ni gharama tupu.

Kwa hiyo ikaenda kutafuta forodha. Barghash akafariki Machi 1888. Ndugu yake, Sayyid Khalifa, akasaini tarehe 28 Aprili 1888. Mkataba huu ndio hasa wa kuusoma kwa makini kuliko wa Mangungo, kwa sababu huu aliyesaini alikuwa na kitu cha kutoa. Sultani anaikabidhi kampuni kwa miaka 50 utawala wote wa Mrima, yaani ule ukanda wake wa pwani, kusini ya mto Umba. Inapata ngome na majengo ya serikali, inateua maofisa, inatunga kanuni, inaweka mahakama, inatwaa ardhi isiyo na mwenyewe, inafungua benki na kutoa noti, na inakusanya ushuru wa bandari zote. Vyote hivyo, imeandikwa, vifanyike kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Kampuni imlipe Sultani mapato ya forodha baada ya kutoa gharama na kamisheni yake.

Mzee wa Kaloleni

Kukodisha forodha halikuwa jambo jipya Zanzibar. Miaka mingi kabla, ushuru ulikodishwa kwa matajiri wa Kihindi, nyumba ya Jairam Sewji, baadaye Tharia Topan. Tajiri analipa kiasi kilichopatana, anakusanya mwenyewe, kinachozidi ni chake. Lakini Tharia Topan hakupewa ngome wala mahakama. Khalifa aliona anaendeleza utaratibu wa wazee, tofauti ikawa kwenye vile vifungu vingine.

Mto Lumi

Ndivyo ilivyokuwa India pia. Kampuni ya Waingereza ilishinda vita vya Plassey 1757, lakini kilichoigeuza kuwa serikali ni 1765, ilipopewa na mfalme wa Delhi haki ya kukusanya kodi ya Bengal, Bihar na Orissa. Mfalme akabaki na cheo na malipo yake ya mwaka. Tofauti na Peters ni kwamba ile ilikuwa na jeshi lake kabla ya kuomba kodi.

Sakina Kwa Iddi

Basi hapo ndipo walipoteleza? Hawakuwa na jeshi?

Himo Njiapanda

Hawakuwa nalo, na walijifanya wanalo.

Makabidhiano yalipangwa katikati ya Agosti 1888. Pangani akapelekwa Emil von Zelewski, kijana asiye na subira. Liwali wa Pangani, Abdulgawi bin Abdallah, alikataa bendera ya kampuni kupandishwa. Kisheria alikuwa na hoja, maana mkataba unasema bendera ya Sultani. Zelewski akaita manowari. Askari wa majini wakateremshwa, wakaingia hadi msikitini wakimtafuta liwali, na zilikuwa siku za Idd ya kuchinja. Bagamoyo nako mkurugenzi Ernst Vohsen alikuwa na mgogoro wa bendera na liwali wa huko.

Juu ya hilo kampuni ikaja na kanuni: wenye mashamba na nyumba waandikishe mali zao kwa hati, na asiye na hati ajue ardhi yake inahesabika haina mwenyewe. Kwenye mji ambao shamba la minazi linajulikana ni la nani kwa mashahidi na kwa makaburi ya babu zake, kanuni hiyo ilimgusa tajiri na maskini kwa siku moja. Wakuu wa miji walipoteza ushuru wao wa misafara. Wenye madau, wapagazi, wenye mashamba ya miwa, wote wakajikuta upande mmoja, jambo ambalo si rahisi kutokea.

Septemba Zelewski na wenzake wakafungiwa ndani ya nyumba Pangani, hadi Mathews akaja na askari wa Sultani kuwatoa. Kilwa wafanyakazi wawili wa kampuni wakauawa. Bushiri bin Salim akaongoza Pangani na Bagamoyo, Bwana Heri akashika Saadani. Kufikia mwisho wa mwaka kampuni ilibaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, tena kwa sababu mizinga ya manowari ilikuwa inafika.

Kosa la kiufundi lilikuwa hili: walidhani Sultani akisaini, miji inatii. Sultani alikuwa anatawala Mrima kwa kuelewana na majumbe na maliwali wa kila mji. Alichokikodisha hakikuwa chake peke yake.

Kiborloni Juu

Na kampuni ikishindwa, nani analipa? Tarehe 30 Januari 1889 bunge la Ujerumani likapitisha marki milioni 2, kwa jina la kupambana na biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Hilo la watumwa lilikuwa la maana kisiasa, kwa sababu chama cha Wakatoliki kisingepiga kura ya kuokoa wanahisa. Hermann Wissmann akateuliwa kamishna wa serikali, akakodi Wasudani wapatao 600 kutoka Misri na Washangaan kutoka Msumbiji. Kambi ya Bushiri karibu na Bagamoyo ilishambuliwa tarehe 8 Mei 1889, Pangani ikachukuliwa Julai, Bushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri akajisalimisha 1890.

Tangu Wissmann atue, kampuni haikuwa inatawala tena. Karatasi zikafuata baadaye: 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zikagawana, kisiwa cha Heligoland kikaenda Ujerumani, Zanzibar ikawa chini ya Uingereza. Sultani akalipwa marki milioni 4 kuiachia Mrima moja kwa moja. Na tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ikashika utawala rasmi.

Ngarenaro

Kwa hiyo Peters na kampuni yake wakapata hasara. Afadhali.

Kiborloni Juu

Hasara? Soma mkataba wa tarehe 20 Novemba 1890 kati ya serikali na kampuni. Kampuni ilikopa marki 10,556,000. Milioni 4 zikaenda kwa Sultani, nyingine zikabaki za kuwekeza. Serikali ikakubali kuilipa kampuni marki 600,000 kila mwaka kutoka mapato ya forodha, yaani forodha ileile iliyoikosa kwa vita, sasa inakusanywa na askari wa serikali na kuipa kampuni fungu lake. Pia ikabaki na upendeleo wa kutwaa ardhi "isiyo na mwenyewe", haki za madini, reli, na benki. Ikaondokewa na mahakama, polisi na vita. Kwa mhasibu hilo ni dili la ajabu.

Ndiyo maana baadaye mnaikuta kwenye kilimo. Mtaalamu wake, Richard Hindorf, ndiye aliyeagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62, ikapandwa karibu na Pangani. Mkonge wote wa Tanga unatokana na hiyo 62.

Kwa ulinganisho, kampuni ya Mackinnon upande wa Kenya nayo ilishindwa, ikalipwa pauni 250,000 mwaka 1895 iondoke.

Old Moshi Tsudunyi

Niongeze jambo moja linalochanganywa sana huku. Peters aliyekuja kukaa Marangu 1891, aliyewanyonga Mabruk na msichana Jagodia, hakuwa mtu wa kampuni wakati huo. Alikuwa kamishna wa serikali. August Bebel ndiye aliyemfumua bungeni 1896, na akafukuzwa kazi 1897. Wissmann naye, alipompiga Sina wa Kibosho Februari 1891 akiwa na wapiganaji wa Rindi pembeni, alikuwa anafanya kazi ya serikali. Rindi akafa mwaka huohuo, mwanawe Meli akampiga ofisa wa Kijerumani von Bülow Juni 1892, akashindwa na von Schele 1893, na tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa hapa Old Moshi pamoja na wengine. Damu ya Uchagga ni ya serikali. Kampuni ilileta bendera na mstari.

Mto Lumi

Kwa wanaopenda kushika historia mkononi: rupia za fedha za kampuni hii bado zinaonekana kwa wauza sarafu za zamani. Zilitengenezwa 1890 hadi 1902, gramu 11.66, sawasawa na rupia ya India ili zipokelewe kirahisi. Mbele kuna Wilhelm II na kofia ya chuma yenye tai, nyuma simba na mnazi na jina la kampuni limezunguka. Pesa za shaba, 64 kwa rupia, zina maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria, 1307 hadi 1309. Tazameni mwaka: rupia nyingi kati ya hizo zilipigwa baada ya 1 Januari 1891, kampuni ikiwa haina hata polisi mmoja. Serikali ilikuja kuchukua kazi ya sarafu yenyewe, ikaleta heller mwaka 1904, 100 kwa rupia.

Tahadhari kwa wanunuzi: za bandia ni nyingi mno pale karibu na stendi. Ipime kwa mizani ya sonara kwanza. Ikiwa chini ya gramu 11 na haijalika, achana nayo.

Sakina Kwa Iddi

Mkuu hiyo ya mizani nimeichukua. Mleta uzi, waongoza watalii wakiulizwa kuhusu kona ya mpaka waseme nini kwa sentensi moja?

Kiborloni Juu

Waseme: Rindi alisaini na Jühlke Juni 1885, Taveta ilikuwa na karatasi ya Johnston ya 1884, na mwaka 1886 mstari ukapitishwa katikati ya karatasi mbili. Mgeni akitaka kuhakikisha, siku ya kushuka wampeleke Ziwa Jipe.